Skrubu ya Mwendo

Mkanda mpya wa mpira ulikaa sawasawa, na deki ya kaseti ikaamka baada ya miaka kumi. Fundi alikuwa peke yake sebuleni.

Likaanza gitaa, kisha sauti nzito kama ya mlinzi: "Mzee wa deki! Chakula kinapoa! Na leo zamu yako kupiga deki!"

Siku ya kurekodi alimgombeza mkewe kwa kupiga kelele hizo na kumharibia wimbo aliokuwa akiurekodi redioni. Sasa wimbo wenyewe hata hakuusikiliza.

Mota ilikuwa inavuta polepole, ndiyo maana sauti ya mkewe ilikuwa nzito hivyo. Nyuma yake kuna kiskrubu cha mwendo, nacho hupimwa kwa sikio tu. Akakizungusha, akarudisha kaseti nyuma. Safari hii kaseti ikaongea kama shangazi wa watu. Akazungusha tena, ikaongea kama mtoto.

Mwaka wa tano huu tangu amzike mkewe, na sikio lake halikujua tena sauti yake ilikuwa ipi. Humo ndani hamkuwa na wa kumuuliza.

Akakigusa kiskrubu kidogo mno, kama unene wa unywele.

"Mzee wa deki! Chakula kinapoa!"

"Nakuja, mke wangu!"

Alikuwa ameshasimama, bisibisi mkononi, anaelekea jikoni.