Kipuli Kinachojua Yote

Siku hizi kila mtoto huvishwa kipuli kinachojua yote, nami bibi mtu nimechoka.

"Kitendawili!"

"Tega," akaitika mjukuu wangu Raya.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai, Bibi. Ganda lake lina maelfu ya vitundu vya kupitishia hewa."

"Nani kakuuliza vitundu? Hujapata kukosa hata siku moja ukanipa mji!"

"Nikupeje mji, na jibu ninalo?"

Loo! Nikamvua kipuli, nikakifumbata.

"Haya sasa. Popoo mbili zavuka mto."

Raya akapapasa sikio lililo tupu. Jibu ni macho tu, na yake yakaanza kulengwa na machozi.

"Bibi, kichwani kumenyamaza. Nirudishie."

"Fikiria kwanza, mama."

"Nifikirie kwa kitu gani, Bibi? Si umekishika wewe."