Bingwa Asiyegusa Kete

Bwana Kheri aliongoza kwa pointi klabuni kwa sababu nzuri sana: alikuwa hachezi. Katika klabu ile ya sataranji, pointi zilipungua kwa kufungwa tu. Basi mwaka wa pili sasa alikuwa anakuja, anakunywa kahawa, anakosoa wenzake, anakwenda zake. Mwatum, aliyecheza na kila mtu na kufungwa mara mojamoja, alikuwa nyuma yake kidogo tu. Nafasi ya kwenda mashindano makubwa ilikuwa moja, na hesabu ilifungwa jioni ile.

Mwatum akapanga kete mbele yake.

“Kaka Kheri, mchezo mmoja tu.”

“Mgongo unauma, dada.”

“Kwani kete zinasukumwa kwa mgongo?”

Watu wakacheka, na Kheri naye akacheka.

Pale klabuni, ukigusa kete mchezo umehesabiwa. Mwatum hakumbembeleza tena. Akamsukuma askari wa pembeni kabisa, mwanzo ambao hata anayejifunza angeuonea haya.

“Hiyo nini sasa?” akauliza Kheri.

“Jibu uone.”

“Unanitania.”

“Labda.”

Kheri akaweka kikombe chini. Akamtazama yule askari, akamtazama Mwatum, akarudi kwa askari. Katibu aliyekuwa akienda ubaoni kufunga hesabu akasimama, chaki mkononi. Mkono wa Kheri ulikuwa juu ya farasi wake, vidole vimekunjuka, na kivuli chake kilikuwa kimeshaifunika kete yote.