Kibali cha Waziri

"Mheshimiwa yuko kikaoni, subirini," katibu wa waziri alirudia kwenye simu.

Kitandani mwanamke alikuwa akivuja damu. Mimba ilikuwa imeshaharibika, lakini sheria mpya ilikataza kuitoa bila kibali cha waziri. Tone likadondokea kiatu cheupe cha daktari. La pili. La tatu.

"Daktari, miguu ya mwanangu imeshakuwa baridi!" mama wa mgonjwa akalia.

"Kikao kinaisha lini?" daktari aliuliza simuni.

"Wako mapumzikoni, wanakunywa chai."

Chai! Daktari akakata simu, akavaa glavu.

"Sista, andika kwenye faili."

"Niandike kibali kimetoka?" muuguzi alinong'ona.

"Thubutu! Andika: saa nne na dakika kumi, daktari amekataa kusubiri. Na jina langu liandike kwa herufi kubwa, wasihangaike kulitafuta."