Msumari wa Saba

Msumari ulikuwa umeachiwa dakika nne zilizopita, na ulikuwa bado haujaanguka.

"Mbona hauji?" Mkuu wa idara aliuliza, akiinamia skrini kana kwamba angeuona kwa macho.

"Kitu ukikiachia huko juu hakianguki, mkuu," Desimali alijibu. "Kinaendelea kuizunguka dunia sambamba na chombo kilichokibeba. Mpaka kwanza kipunguziwe mwendo." Alikuwa ameshamweleza hayo mara sita, na mara zote sita Mkuu alitikisa kichwa kama aliyeelewa.

Jina hilo la Desimali alipewa na wenzake, kwa kuwa hakukubali hesabu iishie kwenye namba nzima. Ndiye aliyekokotoa ni wapi hasa Msumari upunguziwe mwendo ili utue katikati ya duara la chokaa lililochorwa mchangani, kwenye uwanja wa majaribio. Msumari wenyewe ulikuwa nguzo ya tungsteni, ndefu kama nguzo ya umeme, na uzito wake zaidi ya mara mbili ya chuma cha kawaida. Haukuwa na baruti wala nini. Uzito na kasi vilitosha.

Kwenye makaratasi, mambo yalikuwa mazuri. Kwa vitendo, kuupandisha msumari mmoja tu kulikuwa kazi ya miezi mitano. Tena ukishaingia hewani unavikwa moto, na mawimbi ya redio hayaupenyi moto ule, kwa hiyo dakika ya mwisho unashuka kiziwi na kipofu, umeitegemea hesabu peke yake.

Hesabu ya Desimali. Na misumari sita ilikuwa imekosa.

"Sita imeua mchanga," Mkuu alisema. "La kuvunda halina ubani, binti yangu. Na huu wa saba ukikosa, kesho meza hii inakaliwa na mwingine. Sikufichi."

"Nimeelewa, mkuu."

Mkuu akaenda kusubiri ofisini kwake, chumba cha pili. Desimali akabaki na skrini na simu. Aliipenda kazi hii kwa moyo wote, maana hakuwa na kingine cha kupenda. Aliikagua hesabu yake kwa mara ya mwisho, akatuma amri, na huko juu roketi ndogo ikawaka kuufungia Msumari breki. Sasa ungeanguka. Nusu saa.

Aliyekuwa akipima makosa hayo yote ni baba yake.

Kamera za uwanjani zilipasuka vioo siku ya kwanza kwa mtikisiko, na idara ya picha za setilaiti ilikuwa na foleni ndefu kuliko ya hospitali. Ikabaki njia ya kizamani: mtu, kamba na dira. Desimali ndiye aliyempendekeza, mpima ardhi mstaafu, mtu wa maneno machache, anayeishi peke yake mwendo wa saa mbili kwa pikipiki kutoka uwanjani. Hakusema kwamba baba huyo alikuwa amemsusa tangu mazishi ya mama yake. Siku ile Desimali alikuwa ndani ya jengo hili, milango imefungwa kwa ajili ya siri za kazi, na mama akazikwa bila yeye.

Basi walizungumza siku za majaribio tu. Umbali, upande, kwaheri. Lakini kwa kuwa msumari ulikosa kila mara, binti aliomba vipimo virudiwe, na baba akapiga tena, na tena, na katikati ya namba hizo akajisahau: "Unakula lakini?" Maneno mawili hayo Desimali aliyatunza miezi mitano mizima, katika chumba alichopanga chenye kiti kimoja. Aliona aibu kwamba siku zake za kushindwa ndizo zilizompa raha.

Asubuhi ya leo alikuwa amemwambia ukweli.

"Baba, Msumari ukikosa leo wananiondoa."

"Wakikuondoa utakwenda wapi?"

"Sijui. Nitarudi nyumbani, nafikiri."

"Haya," baba yake alisema. "Nimesikia. Wacha nipande kilimani, nisije nikapigwa mimi."

Nusu saa ikapita, kisha nyingine. Safari hii Desimali alikuwa amemwangukia miguuni dada mmoja wa idara ya picha, ampatie picha moja tu, nje ya foleni. Kama kosa lilikuwa lake, alitaka kuliona kwa macho yake kabla ya kuondoka.

Simu ililia.

"Umekosa," baba yake alisema. "Mita mia tatu na themanini. Kusini."

"Pima tena, Baba. Nakuomba."

"Nimepima mara mbili. Pole, mwanangu." Kisha akaendelea mbiombio, kama mtu aliyeyaweka maneno mdomoni siku nyingi: "Mguu wa kitanda chako nimeshaugongomea. Chumba nimekifagia. Wewe njoo tu."

Machozi yalimtoka Desimali, hakuyafuta. Hata hakumwona vizuri dada wa picha alipoingia kwa kunyata, akaweka bahasha mezani, akatoka. Aliifungua kwa mkono mmoja, simu ikiwa bado sikioni.

Duara la chokaa lilionekana wazi juu ya mchanga, jeupe, upana wake kilomita nzima. Shimo jipya lilikuwa katikati yake kabisa.

"Vipi huko?" Mkuu aliita kutoka chumba cha pili.

Desimali akaigeuza picha, uso chini.

"Umekosa, mkuu," akasema. "Mita mia tatu na themanini."