Mafiga ya Mama Yake Sikudhani

Padri Anselmi, aliyevuka bahari kuleta Injili katika mji ule, alikuwa akifurahi kimoyomoyo. Kila mwanamke aliyekuja kanisani aliinua kanga na kuiruka ngazi ya mlangoni asiikanyage. Akadhani wanaheshimu nyumba ya Mungu.

Jumapili moja akaja Sikudhani, binti aliyeolewa mbali, kufuata mafiga ya marehemu mama yake. Desturi ya pale, mama akifa, mafiga yake hayaguswi mpaka bintiye ayachukue, akapikie kwake. Jikoni hakuyakuta. Aliyakuta kwenye ngazi ya kanisa, mawe matatu meusi kwa masizi, yameshikwa na saruji.

"Nani kayatoa?"

"Mimi, mwanangu," padri akasema. "Nyumba ilikuwa tupu. Nilidhani ni mawe tu."

"Mawe tu!" akadakia Bi Mashavu, jirani wa marehemu. "Na homa ile ilipokulaza, uji wako ulipikwa juu ya nini?"

Padri akamgeukia. "Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie wewe, baba? Si ulikuja kutufundisha?"

Uso ukamwiva. Akatwaa mtaimbo, akapiga magoti mbele ya waumini wake, akayabandua moja moja. Mawili Sikudhani akayafunga kwenye kanga. La tatu padri akalikumbatia.

"Nikubebee hili mpaka kwako."

"Liweke chini, padri."

Akainama, akainuka tena nalo, kanzu nyeupe imejaa masizi, asijue jiwe kama lile huwekwa chini namna gani.