Upande wa Kushoto

Pamba ilitoka nyeusi.

Muuguzi aliifumbata haraka. Daktari alikuwa amewapa mgongo, anafuta lenzi yake kwa pindo la koti. Mwalimu wa chekechea aliinama kitini, utosi wazi, macho kwenye vidole vya miguu.

Kichwa chake kilikuwa kimegawanywa katikati kama shamba la urithi. Ili nywele ziote tena, kulia alidungwa plazma, majimaji ya damu yake mwenyewe, iliyozungushwa mashineni mara mbili. Kushoto alidungwa ile ya mara moja, ambayo hata zahanati ndogo ingeweza kuitengeneza, na ndiyo daktari aliyoipigania. Kwa wagonjwa wengine wote, kushoto kulibaki jangwa. Kwa huyu kulionekana kumejaa, na mzee, yaani daktari, alipouona utosi huo kutoka mlangoni alianza kupiga mluzi, jambo alilokuwa ameshaliacha.

"Umepaka wanja?" muuguzi alinong'ona.

"Mezani mume wangu hukaa kushoto kwangu, dada. Nimechoka kuongea na mtu anayeutazama utosi."

"Si ungeniambia."

"Ningekuambia saa ngapi, na mzee anapiga mluzi?"

"Mnateta nini, mabinti?" daktari aliuliza bila kugeuka. "Safisheni kushoto tupige picha ya mwisho. Wapo waliosema natwanga maji kwenye kinu. Leo watanyamaza."

Spiriti ilipenya kati ya vidole vya muuguzi, nyeusi, ikadondoka sakafuni. Aliikanyaga kwa kiatu.

"Bado hakujasafika, mzee," alisema, akachukua pamba nyingine.

Mwalimu alifumba macho.