Ruhusa ya Mgeni

Sheria za barakoa na za safari zilitangazwa upya kila asubuhi saa kumi na mbili, na ruhusa ya mgeni kuondoka ilitumwa kwenye simu ya mwenyeji, kwa kuwa ndiye aliyemdhamini. Ndivyo Rwegasira, mpiga kinanda wa Bukoba aliyekuja Moshi kwa tamasha moja, alivyokwama wiki saba nyumbani kwa Ndeshi, mwandaaji wa matamasha ya kinanda kanisani.

Ijumaa ujumbe ulisema: barakoa zimeondolewa, mgeni wako anaweza kusafiri leo, mwisho saa sita mchana.

Ndeshi aliusoma mara mbili. Tamasha jingine lilikuwa Jumapili. Kwa miaka miwili watu walisikiliza kinanda midomo ikiwa imefunikwa, na sasa wangeweza kuimba.

Rwegasira alikuja mezani kunywa chai. "Wamesemaje leo, dada?"

"Barakoa zimeondolewa."

"Na safari?"

"Bado."

"Mke wangu anakaribia kujifungua," alisema, kisha akaenda kufanya mazoezi.

Jumapili kanisa lilijaa. Watu waliimba hadi wakalia, na Ndeshi akalia nao, akijiambia kwamba kesho njia itafunguliwa tena.

Jumatatu aliusoma ujumbe kwa sauti, maana Rwegasira alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, akitumaini. "Safari zimefungwa kwa siku tisini."

Rwegasira aliketi polepole. "Namshukuru Mungu nimepata mwenyeji kama wewe, dada," alisema. "Mwingine angeshanichoka."

Ndeshi akammiminia chai.